Siku Moja, Mahali Pamoja: Matembezi ya Familia Kizuka na Rumonge

Ukiziuliza kaya za mwambao huu wa ziwa Tanganyika, kuanzia Minago mpaka Kigwena, wapi pa kuwapeleka watoto siku ya mapumziko, nyingi zitakutajia Bujumbura: ufukwe wa Saga, mamba na nyoka wa Musée Vivant, viboko wa mto Rusizi. Huko ni kuzuri, na mwenye uwezo aende. Lakini mwongozo huu unamlenga baba au mama wa Kizuka mwenye siku moja tu mkononi, watoto wanne au watano wa rika mbalimbali, pengine na bibi yao, na fedha ambazo zikipotea hazirudi mwezi huo. Kwa mtu huyo nina hoja moja: pima matembezi kwa saa mtakazokaa, wala usiyapime kwa kilomita mtakazosafiri. Chagua mahali pamoja palipo karibu, mfike mapema, mkae mpaka watoto waanze wenyewe kubuni michezo, kisha mrudi jua lingali juu. Anayepanga hivyo atagundua kwamba Rumonge ina vitu ambavyo watu wa mbali huvifuata kwa ndege.

Fanya hesabu kabla hujanibishia. Kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni kilomita sabini na kitu kwa barabara ya taifa namba 3. Kwenye ramani si mbali. Ila Hiace haiondoki mpaka ijae, na kwa miaka kadhaa sasa mafuta nchini Burundi yamekuwa ya kuviziwa. Siku pampu zikikauka magari hupungua na nauli hupanda palepale. Jumamosi asubuhi ni ya kazi za jumuiya: maduka hufungwa na magari hayatembei ovyo mpaka kazi imalizike. Wapakate watoto wawili njia nzima, teremka, tafuta usafiri mwingine wa mjini, lipa kiingilio, kisha anza kuangalia saa kwa hofu ya kukosa gari la kurudia. Mtoto wa miaka minne hana habari na jina la ufukwe. Anachokumbuka ni kama alipewa nafasi ya kuchimba mchanga mpaka aridhike, au aliburutwa mkono kila alipotaka kusimama. Safari ya mbali humnyima hasa kile alichokifuata.

Jibu ambalo watu hutoa haraka ni kwamba ziwa tunaliona kila siku, sasa lina jipya gani? Pingamizi hili linastahili kujibiwa kwa makini, maana ndilo linalowafunga wengi nyumbani. Ni kweli mtoto wa Kizuka huoga ziwani, hufua, huosha sufuria na hutumwa kununua ndagala mwaloni. Lakini kulitumia ziwa hakumfundishi ziwa lenyewe. Muulize mtoto wa darasa la sita lina kina gani. Tanganyika lina mita 1,470 pale lilipo refu zaidi kwenda chini, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, na umri wake huhesabiwa kwa mamilioni ya miaka. Chini ya mita kama 200 maji hayana oksijeni, kwa hiyo kila mukeke, kila sangala na kila ndagala aliyewahi kuliwa nyumbani kwenu ametoka kwenye tabaka la juu tu. Maji hayo hutokea upande wa Kongo kwa mto Lukuga, yakaingia mto Kongo na kufika Bahari ya Atlantiki, ilhali mvua inayonyesha upande wa pili wa milima ya Bururi huteremka kuelekea Nile na Misri. Hayo mzazi anaweza kuyasimulia amekaa juu ya jiwe, miguu majini, bila senti moja.

Siku ya ziwa basi ipangwe hivi. Watoto wadogo wanahitaji mchanga. Wakubwa wapeleke kwenye mawe. Penye mawe na maji maangavu ndipo wanapoishi samaki wadogo wa rangi ambao Tanganyika limepata sifa kwa ajili yao, aina zaidi ya 200, na wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani hulipa fedha nyingi kuwaweka kwenye matangi ya kioo sebuleni. Mwambie mtoto alale kifudifudi juu ya jiwe, azibe mwanga pembeni mwa macho kwa viganja, atulie mpaka samaki wamsahau. Akiwa na bahati atamwona jike mwenye kidevu kilichovimba, anayepita mbele ya chakula bila kula: mdomoni amebeba mayai au vifaranga wake, na baadhi ya jamii hizo hukaa hivyo kwa wiki kadhaa. Watoto wakiona hilo hawaulizi tena kwa nini hawakupelekwa mjini. Kwa wanaoamka mapema lipo la pili: mitumbwi inayorudi na taa zake, ndagala wanaomwagwa kwenye chanja au mchangani, wanawake wanaopatana bei kwa sauti. Ila usiende siku za mbalamwezi, kwani taa hazivuti samaki mwezi uking'aa na wavuvi wengi hupumzika.

Tazameni na ng'ambo. Ile nchi ndefu inayojitokeza upande wa Kongo mkabala na Rumonge ni rasi ya Ubwari. Kiangazi ukungu wa vumbi na moshi huificha. Asubuhi iliyofuata mvua kubwa hukaribia kama iko hatua chache. Mwambao huu huu ndio walioupitia kwa mtumbwi David Livingstone na Henry Morton Stanley mwezi Novemba 1871, wakitoka Ujiji kwenda kuona kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Waliukuta unaingia, na tumaini kwamba Tanganyika ndilo chanzo cha Nile likapata pigo. Jiwe la Mugere, karibu na Bujumbura, lina tarehe ya 25 Novemba ya mwaka huo. Wapo wanaowaambia wageni kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana mara ya kwanza. Si kweli, walikutana Ujiji. Mpe mtoto wako historia iliyonyooka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: ziwa linaua. Sitalipuuza, wala sitaki mzazi yeyote alipuuze. Mtoto huzama kimya, bila kupiga kelele, na huzama mbele ya watu wazima kumi ambao kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Kwa hiyo mteue mtu mmoja kwa jina, awe shangazi au kaka mkubwa, ambaye kwa nusu saa kazi yake ni macho tu: hapiki, hashiki simu, haongei na jirani. Nusu saa ikiisha mwingine anapokea. Maji yasimpite mtoto kiunoni kama hajui kuogelea. Upepo wa kusini, unaovuma kwa nguvu kati ya Mei na Septemba, ukishainua mawimbi, siku hiyo ni ya msitu, ziwa liacheni. Midomo ya mito na penye matete ni makao ya mamba na viboko, na wakati wao ni alfajiri na magharibi. Gustave, mamba aliyevumishwa duniani kote tangu miaka ya 2000, alihusishwa na mashambulizi ya mwambao huu wa kaskazini, na hata ukiondoa chumvi iliyotiwa katika habari zake, hatari yenyewe ni ya kweli. Pale wavuvi wasipoogea, nanyi msioge. Uliza kwanza.

Kichocho nacho hakionekani kwa macho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wadogo wanaopenda maji yaliyotulia yenye majani, na hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali. Kwa hiyo ogeni asubuhi, penye mawimbi na mchanga safi, mbali na vidimbwi vya pembeni. Na mtoto akionyesha dalili ya kuumwa tumbo na choo chenye damu, kituo cha afya kina dawa, prazikwanteli. Kipindupindu hurudi Rumonge na mwambao wake mara kwa mara, hivyo maji ya kunywa yatoke nyumbani, yawe yamechemshwa au ya bomba la Regideso, na kipande cha sabuni kiwe ndani ya kikapu cha chakula. Orodha hii inaweza kumtisha mtu akabaki nyumbani. Lakini angalia: watoto wetu wako ziwani kila siku hata bila matembezi, na mara nyingi wako peke yao. Siku ambayo familia nzima imekwenda pamoja, na mtu mmoja amepewa kazi ya kuangalia, ndiyo siku salama kuliko zote, na ndiyo siku ambayo mtoto anaonyeshwa wapi aoge na wapi asithubutu. Hatari za ziwa ni sababu ya kwenda pamoja.

Sasa msitu. Hapa ndipo ninapoamini watu wa Rumonge wamejinyima bila sababu. Kusini mwa mji, ukifuata barabara ya Nyanza-Lac, upo msitu wa Kigwena, eneo dogo lililohifadhiwa, hekta zipatazo 500. Ni mabaki ya msitu wa nyanda za chini wa jamii ya ile mikubwa ya Kongo: miti mirefu, kivuli kizito, mizizi iliyotanuka kama kuta, majani yaliyooza yanayonukia udongo mbichi. Ndani mna nyani na kima. Na upande wa milimani, eneo la hifadhi ya Rumonge na Vyanda, kuna msitu wa namna nyingine kabisa, miyombo, ule ule unaofunika sehemu kubwa za Tanzania na Zambia na ambao kwetu umefika karibu na ukingo wake wa kaskazini. Miyombo ni mikavu, ina mwanga, unaona mbali kati ya shina na shina. Kabla ya mvua za kwanza huchipua majani mekundu, ya rangi ya shaba, kilima kizima kikaonekana kama kimechanua. Sokwe wapo Vyanda. Fikiri maana yake: ndani ya eneo moja, kwa umbali wa pikipiki, mtoto anaweza kusimama Jumapili moja kwenye msitu wa Kongo na Jumapili nyingine kwenye msitu wa Zambia. Nchi nyingi kubwa haziwezi kuwapa watoto wao hilo kwa siku tatu za basi.

Watakaokubishia ni wa aina mbili. Wa kwanza husema msitu ni wa kuni na nyoka, si wa kustarehe. Nyoka wapo, na dawa yao ni viatu vilivyofunga, suruali ndefu, kutembea kwenye njia na kutotia mkono penye tundu wala chini ya gogo. Wa pili husema watu wakianza kumiminika, msitu utaisha. Hoja hii ni ya haki, na jibu lake linategemea tabia yako. Maeneo haya yako chini ya OBPE, ofisi ya taifa ya kulinda mazingira. Mtafute mlinzi wake kwanza, omba ruhusa, ulizia malipo yaliyowekwa, na tembea naye. Usiwashe moto, usikate hata fimbo, usiwarushie nyani ndizi. Nyani aliyezoea ndizi za watu ataingia jikoni kwa mtu kesho yake na kuuawa. Mwenye mafua au kikohozi asiende Vyanda, kwa sababu maradhi yetu ya kifua huwaambukiza sokwe na kuwaua. Msitu wa Kigwena haukupungua kwa sababu ya familia zilizokaa chini ya miti yake. Umepungua kwa mashamba, mkaa na mbao, yaani kwa watu waliouona kama akiba ya bure. Mtoto aliyetembezwa humo akiwa na miaka minane, akaonyeshwa kima kwa kidole, ataambiwa akiwa na miaka thelathini kwamba ukatwe, na atakuwa na neno la kusema.

Ushahidi wa hili hauko mbali. Ukishuka ziwa hili hili ukavuka mpaka wa Tanzania utafika Gombe, msitu mwembamba wa kando ya maji ambao kwa ukubwa ni kitu kidogo sana mbele ya Serengeti. Mtafiti Jane Goodall alifika hapo mwaka 1960, akakaa. Hakuwa akizunguka nchi kutafuta wanyama wengi. Alikaa mahali pamoja mpaka sokwe wakamvumilia, na kwa kukaa huko dunia ikajua kwamba sokwe hutengeneza zana. Mwaka 1991, Dar es Salaam, yeye na wanafunzi kumi na wawili wakaanzisha Roots & Shoots, mpango wa vijana ambao leo uko katika nchi nyingi. Sitegemei familia ya Kizuka ifanye utafiti. Ninachosema ni kwamba msitu mdogo wa Tanganyika ulimlipa aliyekaa, na Kigwena utamlipa vivyo hivyo kwa kipimo chake: keti chini ya mti mmoja robo saa bila kusema, na ndege watarudi.

Mugara inahitaji maneno machache. Ni chemchemi za maji ya moto za Rumonge, na wazee huzipenda kwa ajili ya viungo vyao, kwa hiyo siku bibi akiwa kwenye msafara hapo ndipo pa kwenda. Pima joto la maji kwa kiwiko kabla mtoto hajaingia. Mama mjamzito, mtoto mchanga na mwenye ugonjwa wa moyo wasikae ndani muda mrefu.

Na kama hakuna hata nauli ya baiskeli? Basi nendeni kwenye michikichi. Watu hudhani bustani lazima iwe na maua na kiingilio, lakini shamba la michikichi lina kivuli, lina ndege wafumaji walioning'iniza viota kwenye makuti, na lina kazi ya kutazama. Ombeni ruhusa kwa mwenye kinu cha mawese, msimame pembeni. Mtoto afuatilie tangu mkungu unapokatwa na ngazi (matunda yake) kupukuchuliwa, zinavyochemshwa kwenye pipa, zinavyokamuliwa kwa mashine ya kuzungushwa kwa mikono, mafuta mekundu yanavyopanda juu na kuchemshwa tena. Aone kwamba makapi ndiyo yanayowasha moto wa pipa linalofuata, na kwamba mise (kokwa za ndani) haitupwi, inauzwa ili itoe mafuta mengine. Pipa la moto ni hatari, kwa hiyo mdogo ashikwe mkono muda wote. Mawese ndiyo yaliyosomesha watoto wengi wa Rumonge, na si haki wakue bila kuijua safari ya chupa iliyo jikoni.

Chakula kisiwe mzigo wa mama. Hili nalisema kwa uzito, kwa kuwa matembezi mengi hufa hapo: baba anatangaza safari, mama anaamka usiku wa manane kupika, anafika amechoka, anapakua, anaosha, na wote wanarudi wakimsifu. Siku ya matembezi iwe na chakula kinacholiwa kikiwa baridi na kwa mkono: chapati zilizopikwa jana, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga, ndagala wakavu waliokaangwa, machungwa au maembe kwa msimu wake. Wavulana wabebe maji. Kama mko ufukweni na mfuko unaruhusu, nunueni mukeke mmoja mkubwa wa kuchomwa mgawane, fedha ibaki kwa jirani. Takataka zote zirudi nyumbani ndani ya mfuko ule ule uliobeba chakula. Kwa akina mama na wasichana wanaotaka kuogelea kwa stara, kubalianeni mapema: chagueni sehemu iliyojitenga, waingie na madera au kanga, na wanaume wakae upande mwingine kwa saa nzima, kisha zamu ibadilike. Jambo hili likipangwa nyumbani halileti shida ufukweni. Lisipopangwa, wanawake hukaa mchangani wakilinda nguo za wengine siku nzima.

Kuhusu siku, Jumamosi iacheni kwa sababu niliyoitaja, labda mtoke baada ya kazi za jumuiya. Familia za Kiislamu zina Jumapili nzima na siku ya pili ya Idd; za Kikristo zina alasiri ya Jumapili na tarehe 1 Julai, sikukuu ya uhuru. Likizo ya Julai na Agosti njia ni kavu, lakini ziwa lina upepo na milima ya Kongo haionekani, hivyo ni miezi ya Kigwena, Mugara na mashamba. Kati ya mvua na mvua, mnamo Januari na Februari, ziwa huwa zuri. Tangu maji yalipopanda miaka ya karibuni na kumeza fukwe na nyumba, mpaka yakafika kiwango cha juu sana mwaka 2024, sehemu nyingi za mchanga zimehama au zimefunikwa, kwa hiyo mtu mmoja aende akaangalie mahali siku moja kabla. Asikudanganye mtu kwamba ufukwe wote ni wa wenye hoteli: sheria ya maji ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ziwani.

Ukipata akiba, mwaka hata mwaka, panda na watoto hadi Rutovu huko Bururi, wakaione chemchemi ya kusini kabisa ya Nile na piramidi ndogo iliyojengwa juu yake baada ya Mjerumani Burkhart Waldecker kufika hapo miaka ya 1930. Hiyo ni safari, na ina heshima yake. Lakini usiingoje. Jumapili ijayo mteue wa kuangalia maji, chemsha mayai, mpigie simu bibi aje, na mwende mahali pamoja tu palipo karibu na nyumba yenu.